KOO LINAPOUMA: MAHALI PA KUBONYEZA NA WAKATI WA KWENDA ZAHANATI

Leo tutajifunza jambo lisilohitaji fedha wala chombo. Tutajifunza namna ya kutumia kidole gumba kupunguza maumivu ya koo ukiwa nyumbani. Njia hii imetoka China, nayo huitwa akupresha, yaani tiba ya kubonyeza mwili.

Kabla hatujaendelea, shika neno hili: kubonyeza hupunguza maumivu, lakini hakuui vijidudu vya ugonjwa. Mara nyingi koo linalouma hupona lenyewe, na mgonjwa anachohitaji ni nafuu tu. Lakini mara nyingine koo lina ugonjwa ambao, usipotibiwa mapema, huweza kuharibu moyo wa mtoto kwa maisha yake yote. Kwa hiyo somo letu lina mambo mawili: mahali pa kubonyeza, na namna ya kutambua koo la kupelekwa zahanati. Tafadhali usisome la kwanza ukaliacha la pili.

1. KWA NINI KOO HUUMA?

Mweke mgonjwa mlangoni penye mwanga wa jua. Mwambie afungue mdomo, atoe ulimi, na aseme "aaa". Nyuma ya ulimi utaona vinundu viwili, kimoja kila upande. Hizo ni tezi za koo. Zikivimba watu husema mtu ana mafindofindo. Katikati yake kinaning'inia kinyama kidogo kiitwacho kimeo. Kila mtu anacho, na kina kazi yake.

Koo huuma kwa sababu mbalimbali:

(a) Moshi, vumbi na kelele. Mama anayepika kwa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha, mfanyakazi wa mashine ya kusaga, na mtu aliyeimba ngomani usiku kucha, wote huweza kuamka koo likiwasha.

(b) Virusi. Hawa ni vijidudu wadogo mno wanaoleta mafua. Ndio wanaosababisha sehemu kubwa ya maumivu ya koo. Dawa za kuua bakteria, kama penisilini, haziwawezi. Mwili wenyewe huwashinda, aghalabu katika muda wa wiki moja.

(c) Bakteria. Aliye maarufu zaidi kwa koo huitwa streptokoka. Huwapata zaidi watoto wa umri wa miaka 5 hadi 15. Katika kila watoto 10 wanaopelekwa kwa mganga kwa ajili ya koo, 2 au 3 hivi huwa wana bakteria huyu. Kwa watu wazima ni wachache zaidi: kati ya 5 na 15 katika kila wagonjwa 100.

2. ASILI YA TIBA YA KUBONYEZA

Wachina wameandika habari za tiba hii kwa zaidi ya miaka 2,000. Kwa maelezo yao, mwilini mna njia zinazopitisha nguvu ya uhai, na juu ya njia hizo zipo nukta maalumu. Mganga akichoma nukta hizo kwa sindano nyembamba, tiba huitwa akupancha. Akizibonyeza kwa kidole, huitwa akupresha. Mwaka 1991 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya majina ya nukta 361, ili waganga wa nchi mbalimbali wanapozitaja waelewane.

Wataalamu wa mishipa ya fahamu wana maelezo yao. Wanasema kwamba mahali fulani pa mwili pakibonyezwa kwa nguvu, habari ya mbonyezo huo hupanda kwenye uti wa mgongo na ubongo, na huweza kupunguza habari ya maumivu yanayotoka mahali pengine. Tena mwili huweza kutoa vitu vyake wenyewe vya kutuliza maumivu. Wewe mwenyewe unalijua jambo hili: ukijigonga goti, mkono huenda wenyewe kulibana na kulisugua, nawe hupata nafuu kidogo.

Hapa kwetu tiba za Kichina si ngeni. Kikundi cha kwanza cha madaktari kutoka China kilifika Zanzibar mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968. Huko kwao, katika miaka ya 1960 na 1970, serikali ilifundisha wakulima wengi kazi ya uganga wa vijijini. Watu waliwaita madaktari pekupeku, kwa kuwa walifanya kazi ya kutibu huku wakiendelea kulima. Walitumia mitishamba, sindano za akupancha na dawa za hospitali. Tena walifundishwa kutambua mgonjwa aliyezidi uwezo wao, na kumpeleka mbele. Nasi tufuate mpango huo huo: tufanye tunaloweza nyumbani, na tujue mpaka wake.

3. MATAYARISHO

Kabla ya kubonyeza, fanya haya:

(a) Nawa mikono kwa sabuni, wewe na mgonjwa. Vijidudu vya koo huhama kwa mate na kwa mikono.

(b) Kata kucha za vidole gumba. Kucha ndefu huchubua ngozi.

(c) Mkalishe mgonjwa mahali penye hewa safi, aegemee ukuta, alegeze mabega. Mtu akikaza mwili, kubonyeza humwumiza bure.

(d) Pima nguvu zako. Bonyeza kama mtu anayekanda unga wa chapati: kwa uzito, bila pupa. Mgonjwa asikie mkazo na kuuma kidogo, lakini asiruke wala asikunje uso. Kwa mtoto punguza nguvu kabisa, na ukiona hapendi, acha.

(e) Pima muda. Kama huna saa, hesabu pumzi za mgonjwa. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya 12 na 20 kwa dakika moja. Basi pumzi 15 hivi ni kama dakika moja. Mtu mzima bonyeza kila nukta kwa pumzi 15 hadi 30. Mtoto wa shule hupumua upesi zaidi, na pumzi 10 zinamtosha.

Mtoto mchanga asibonyezwe. Mtoto wa namna hiyo akikataa kunyonya, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

4. NUKTA NNE ZA KOO

Nukta ya kwanza: HEGU. Maana yake ni "bonde la muungano". Ipo mgongoni mwa kiganja, kati ya mfupa wa dole gumba na mfupa wa kidole cha shahada. Kuipata ni rahisi. Bana dole gumba lako kwenye kidole cha shahada. Utaona nyama imejitokeza kama kilima kidogo. Kilele cha kilima hicho ndipo mahali penyewe. Sasa legeza mkono. Weka dole gumba la mkono wa pili juu ya mahali hapo, na vidole vingine chini kwenye kiganja, kisha bana. Elekeza nguvu upande wa mfupa wa kidole cha shahada. Utasikia uchungu kidogo unaoenea mkononi, hapo umepapata. Fanya mkono wa kulia, kisha wa kushoto.

Wachina huitumia nukta hii kwa maumivu ya kichwa, ya meno na ya koo. Lakini angalia sana: mama mjamzito asibonyezwe hapa. Wataalamu wa tiba hii huikataza kwa mjamzito, kwa kuwa wanaihesabu miongoni mwa nukta zinazoweza kuchochea uchungu wa uzazi.

Nukta ya pili: YUJI. Maana yake ni "ukingo wa samaki". Geuza kiganja kitazame juu. Ile nyama nene iliyo chini ya dole gumba imetuna kama tumbo la samaki, ndiyo sababu ya jina hilo. Fuata ukingo wake wa nje, mahali ngozi nyeupe ya kiganja inapokutana na ngozi nyeusi ya mgongo wa mkono. Katikati ya mfupa mrefu ulio hapo ndipo nukta ilipo. Bonyeza kuelekea mfupani, huku ukizungusha kidole polepole bila kukiondoa juu ya ngozi.

Nukta ya tatu: SHAOSHANG. Ipo kwenye dole gumba, pembeni mwa shina la ukucha, upande ulio mbali na vidole vingine. Umbali wake kutoka kwenye pembe ya ukucha ni kama unene wa punje ya mchele. Kwa kuwa mahali hapa ni padogo, bana dole gumba la mgonjwa kwa vidole vyako viwili, kimoja kila upande wa ukucha. Bana na kulegeza, bana na kulegeza, mara 20.

Waganga wa Kichina huichoma nukta hii kwa sindano hadi itoke tone la damu. Nyumbani usifanye hivyo hata kidogo. Sindano, wembe au mwiba usiotakaswa huweza kupeleka mwilini virusi vya UKIMWI, vya homa ya ini, na vijidudu vya pepopunda. Kidole kinatosha.

Nukta ya nne: ZHAOHAI. Maana yake ni "bahari inayong'aa". Hii ipo mguuni. Tafuta kifundo cha mguu upande wa ndani, yaani upande unaotazama mguu wa pili. Teremka chini ya kifundo hicho mpaka kidole kiingie kwenye kibonde kidogo. Bonyeza hapo kwa upole. Wachina huitumia zaidi kwa koo lililokauka na linalowasha usiku. Huenda ukashangaa: koo liko juu na kidole kiko chini! Kwa maelezo yao, njia ya nguvu inayopita hapo hupanda mpaka kooni.

Fuata nukta hizi kwa zamu, pande zote mbili za mwili, mara 3 au 4 kwa siku. Wakati mzuri ni kabla ya kula, ili mgonjwa aweze kumeza, na kabla ya kulala. Baada ya kubonyeza mpe maji ya kunywa.

5. MAMBO MENGINE YA KUFANYA NYUMBANI

Usitegemee kubonyeza peke yake. Unganisha na haya:

(a) Maji ya chumvi. Chukua glasi moja ya maji ya uvuguvugu, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga. Mgonjwa asukutue koo na kuyatema. Arudie mara kadhaa kwa siku. Mtoto mdogo asiyejua kutema asipewe.

(b) Vinywaji. Maji, uji mwepesi, supu, na chai yenye asali hulainisha koo. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali, maana inaweza kuwa na vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa hatari kwa watoto wa umri huo.

(c) Dawa ya maumivu. Parasetamoli hupunguza maumivu na homa. Fuata kipimo ulichoelezwa na mganga kwa umri na uzito wa mgonjwa. Mtoto asipewe aspirini.

(d) Pumziko na hewa. Mwondoe mgonjwa jikoni penye moshi. Anayevuta sigara na avutie mbali na nyumba. Afadhali zaidi aache.

6. MAMBO YASIYOFAA

Usibonyeze koo lenyewe, wala pande za shingo. Kwenye shingo hupita mishipa mikubwa ya damu iendayo kwenye ubongo. Tezi zilizovimba nazo hazipaswi kukandwa.

Usibonyeze juu ya kidonda, jipu au mahali palipovimba.

Usiingize kidole kooni mwa mtoto ili "kupasua mafindofindo". Utamchubua, utamtapisha, na utapeleka uchafu mahali penye kidonda.

Usikubali mtoto akatwe kimeo. Katika sehemu nyingi za nchi yetu wapo watu wanaoamini kwamba kikohozi na koo la mtoto husababishwa na kimeo kirefu. Humpeleka kwa mkataji, naye hukikata kwa kisu au mkasi. Watoto wametokwa damu nyingi, wameoza koo, wamepata pepopunda, na wengine wamekufa. Kimeo huvimba kwa sababu koo linaumwa. Koo likipona, nacho hunywea.

Usinunue vidonge vinne vya amoksilini dukani na kumeza mpaka koo lipoe. Kama ugonjwa ni wa virusi, umetupa fedha. Kama ni wa bakteria, vidonge hivyo havitoshi kumwondoa.

7. KOO LINALODHURU MOYO

Sasa tunafika kwenye sababu kubwa ya somo hili.

Bakteria streptokoka akiingia kooni, mwili hutengeneza askari wa kumpiga. Lakini umbo la bakteria huyu lina sehemu zinazofanana na sehemu za mwili wetu wenyewe, hasa za moyo. Kwa baadhi ya watoto askari hao hukosea. Ni kama sungusungu waliomfukuza mwizi usiku wa giza, wakamkamata mwenye nyumba na kumpiga. Askari wa mwili hushambulia viungo na moyo. Ugonjwa huo huitwa homa ya baridi yabisi, au homa ya rumatiki.

Moyo una milango midogo iitwayo vali. Kazi yake ni kuiruhusu damu kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma. Homa ya rumatiki huzikunja na kuzikakamaza vali hizo. Mlango usipofunga sawasawa, damu hurudi nyuma, na moyo hulazimika kufanya kazi mara mbili. Mtoto aliyekuwa akikimbia shuleni huanza kusimama njiani kuvuta pumzi. Akiwa msichana, taabu huweza kujitokeza wakati wa mimba yake ya kwanza, moyo unapolemewa. Watu zaidi ya milioni 40 duniani wana ugonjwa huu wa vali, nao umekaa zaidi katika nchi zenye umaskini na nyumba za msongamano. Mwaka 2018 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zote zipambane nao.

Angalia ujanja wa ugonjwa wenyewe. Maumivu ya koo la streptokoka huweza kuisha yenyewe baada ya siku 3 hadi 5, hata bila dawa. Mtoto anarudi kucheza, na wazazi wanasahau. Kisha, baada ya wiki 2 au 3 hivi, homa inarudi. Goti linavimba na kuuma. Likipoa, maumivu yanahamia kwenye kifundo cha mguu au kiwiko. Wengine huanza kurusharusha mikono bila kutaka. Hapo baadhi ya watu husema mtoto amerogwa, au mifupa inakua, wala hakuna anayelikumbuka koo la mwezi uliopita.

Ndiyo maana tumesema kubonyeza kuna mpaka. Mzazi akimbonyeza mtoto, mtoto akapata usingizi, mzazi hufurahi na kusema, "Kesho hatuna haja ya kwenda." Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini bakteria bado yupo kooni. Vivyo hivyo parasetamoli na maji ya chumvi: huleta nafuu, lakini havimtoi bakteria.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu unazuilika. Mtoto akipata penisilini kabla ya siku 9 kupita tangu koo lilipoanza kuuma, homa ya rumatiki huweza kuzuiwa. Mganga huweza kumchoma sindano moja ya penisilini inayokaa mwilini muda mrefu, au kumpa vidonge vya siku 10. Akipewa vidonge, avimalize vyote, hata kama koo limepona siku ya tatu. Mtoto aliyekwisha kuugua homa ya rumatiki huhitaji sindano kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, ili moyo usizidi kuharibika. Asikose hata moja.

Vali ikishaharibika sana, penisilini haiwezi kuirudisha. Hubaki upasuaji. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, ambako madaktari hufanya kazi hiyo. Lakini linganisha, ndugu msomaji: sindano moja katika zahanati ya kijijini, na kifua cha mwanao kufunguliwa mjini.

8. NAMNA YA KUAMUA

Tazama dalili hizi za virusi: mafua, kikohozi, macho mekundu, sauti ya kukwama. Mgonjwa wa namna hii anaweza kubaki nyumbani, abonyezwe, asukutue, anywe maji, na aangaliwe.

Tazama dalili hizi za streptokoka: koo limeanza ghafla, homa ipo, kikohozi na mafua hakuna, tezi za mbele ya shingo zimevimba na zinauma zikiguswa, mafindofindo ni mekundu au yana madoa meupe. Mtoto wa miaka 3 hadi 15 mwenye dalili hizi apelekwe zahanati kesho yake, asingojee siku ya mnada wala mwisho wa palizi. Hata mganga hawezi siku zote kuwa na hakika kwa kutazama tu; kwa hiyo kama una shaka, nenda. Andika siku koo lilipoanza, ili umweleze. Mkiwa mmeketi mkisubiri zamu yenu, unaweza kumbonyeza mtoto mkono. Hapo kubonyeza kutakuwa mahali pake hasa.

Usingojee hata saa moja, iwe mchana au usiku, ukiona mojawapo ya haya:

- Mgonjwa anapumua kwa shida, au pumzi inatoa mlio.
- Hawezi kumeza hata mate, yanamtoka mdomoni.
- Hawezi kufungua mdomo, au upande mmoja wa koo umevimba sana.
- Shingo imekakamaa, au amelegea na haamki vizuri.
- Kooni kuna utando mzito wa rangi ya kijivu. Huenda ni dondakoo. Ugonjwa huu huzuiwa kwa chanjo ambazo mtoto hupewa akiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Tazama kadi ya kliniki kama amezimaliza.

Aende pia zahanati, ingawa si kwa kukimbia, mtu ambaye homa yake imepita siku 3, koo lake limepita wiki moja bila nafuu, au sauti yake imekwama kwa zaidi ya wiki 3. Kukwama kwa sauti kwa muda mrefu huweza kuwa dalili ya kifua kikuu au saratani. Mwenye utando mweupe mdomoni na kooni naye achunguzwe.

9. MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kila mmoja aoneshe nukta ya Hegu kwenye mkono wa jirani yake. Ni nani katika kikundi asiyepaswa kubonyezwa hapo? Kwa nini?

2. Mtoto wa miaka 4 ana mafua, kikohozi na koo linalouma. Anacheza na kunywa uji. Mtamfanyia nini?

3. Mtoto wa miaka 9 ameamka na homa. Koo linamwuma, hakohoi, na shingoni ana tezi zinazouma. Baba yake amembonyeza na sasa amelala vizuri. Baba anataka kuahirisha safari ya zahanati hadi wiki ijayo. Mwelezeni baba huyo, kwa hesabu ya siku, kwa nini asiahirishe.

4. Je, kijijini kwenu watoto hukatwa kimeo? Ni nani anayeshauri jambo hilo, na kikundi kinaweza kuzungumza naye namna gani?

5. Kutoka kwenu hadi zahanati ni mwendo wa saa ngapi? Pangeni ni nani mwenye baiskeli au pikipiki anayeweza kusaidia usiku mgonjwa akishindwa kupumua.

Ndugu msomaji, leo usiku kabla ya kulala, jizoeze kwenye mikono yako mwenyewe mpaka uzijue nukta zote nne. Kisha mfundishe mmoja wa nyumbani mwako. Umfundishe na hesabu ya siku 9. Asiyejua kusoma, msomee ukurasa huu.